Mtoto njiti kilo 1.9 karudi nyumbani, nimlaze wapi?

Swali lililonifikia nimelifupisha kidogo: "Shikamoo dada nesi. Nilijifungua mimba ikiwa na wiki 33 kwa sababu presha ilipanda, mtoto wa kiume kilo 1.7. Tulikaa chumba cha kangaruu (mtoto anafungwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi) siku 16, tumeruhusiwa ana kilo 1.9, saivi tupo kwa mama mkwe huku Kahama. Mama anasema natembea na mtoto kifuani kama nimeiba kitu, kaniandalia boksi lenye pamba na jiko la mkaa chumbani, anasema wao walilea hivyo mtoto wa miezi saba na akapona. Anataka pia nimpe maji kidogo maana joto. Mi mwenyewe naogopa kulala nae kifuani nisije nikamziba pua. Mume wangu hasemi kitu. Nifanye nini na hii kangaruu mwisho wake lini?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera ya uzazi, maana najua wengi wakija kumuona mtoto njiti wanasahau hata kusema hongera, wanaingia na sura za msibani.

Naanza na jiko kwa sababu hilo haliwezi kusubiri nimalize maelezo mengine. Litoke chumbani leo. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu ambayo haina harufu wala moshi wa kukushtua, mnalala mnaona joto tamu kumbe inaingia kwenye damu inachukua nafasi ya oksijeni, na hiyo haichagui, inaweza kuwachukua wote wawili na bibi aliyekuja kuchungulia. Hata kama mlango upo wazi kidogo, litoke. Kama jiko linahitajika la kuchemshia maji likae uani huko.

Boksi na pamba namuelewa mama mkwe kabisa, tena usimcheke. Zamani hakukuwa na kitu kingine, watu walijua njiti anakufa na baridi wakatafuta joto walipoweza, na hilo la baridi walikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba pamba haitengenezi joto, inatunza lile ambalo mtoto analo, na huyu wako hana la kutunza. Ngozi yake nyembamba, mafuta chini ya ngozi hakuna, kichwa kikubwa ukilinganisha na mwili na joto linatokea hapo. Sasa akishapoa anaanza kuchoma sukari na oksijeni ajipashe, sukari inashuka, anakuwa mlegevu, hanyonyi, akiwa hanyonyi anapoa zaidi, unaona inavyozunguka. Unakuja kumfunua kwenye pamba asubuhi unasema amelala vizuri leo hajasumbua, kumbe hajalala.

Na chupa za maji moto nazo hapana (hujazitaja ila najua zitafuata jiko likitoka). Niliwahi kupokea mtoto wa siku tisa ana jeraha la moto paja zima, mama yake aliweka chupa ya maji pembeni akaifunga na kanga vizuri tu, usiku kanga ikafunguka. Yule mama alikuwa makini kuliko wengi ninaowajua. Ni kwamba chupa haijui kujipunguza.

Kifua chako kinajua. Mtoto akipoa joto la kifua chako linapanda, akipata joto la kutosha linatulia, na huhitaji kufanya chochote. Pamoja na hilo anasikia kifua chako kinavyopanda na kushuka unapopumua, na hiyo inamkumbusha na yeye apumue, kwa sababu njiti ana tabia ya kujisahau. Ndo maana sisi hatuiti kangaruu kubeba mtoto, ni matibabu, ukiitoa ni kama umekatisha dozi.

Mwambie mama hii kitu haikuanza jana wala haikuletwa kumdharau mtu. Ilianza Bogotá kule Colombia mwaka 1978, daktari mmoja anaitwa Edgar Rey Sanabria, hospitali yake ilikuwa na mashine za joto chache kuliko watoto, wanalazwa wawili watatu kwenye mashine moja wanaambukizana wanakufa, akaamua kuwarudisha kwenye vifua vya mama zao. Yaani ni dawa ya hospitali iliyoishiwa vifaa. Halafu miaka mingi baadae, 2021, yakatoka majibu ya utafiti uliofanyika nchi tano, Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, kwa watoto wa kilo 1 mpaka chini kidogo ya 1.8, humo humo kwenye uzito aliozaliwa nao wako. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa asilimia 12 ndani ya siku 28, waliosubirishwa kwanza mpaka hali itulie, kama tulivyokuwa tunafanya siku zote, walikufa asilimia 15.7. Angalia vizuri hapo, hao wengine hawakuwa kwenye boksi na pamba, walikuwa hospitalini na mashine na manesi. Walisimamisha utafiti kabla ya muda kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima kundi la pili, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo. Mi mwenyewe miaka ya nyuma nilikuwa nawaambia wamama wasubiri mtoto "atulie" kwanza. Tulikosea, tukabadilika, na mama mkwe nae anaruhusiwa kubadilika.

Hilo la mtoto wa miezi saba kupona kuliko wa miezi nane nalo utalisikia sana, sio kweli, kila wiki anayoongeza tumboni ni faida yake. Wa saba waliopona ndo wanaosimuliwa.

Sasa hofu yako ya kumziba pua. Ni hofu nzuri, mama asiye na hofu hiyo ndo ananitisha mimi. Ila jibu lake lipo kwenye kumfunga, sio kwenye kumtoa. Mvue abaki na nepi, kofia na soksi tu, na wewe kifua wazi, sidiria itoke. Muweke wima katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama chura, mikono nayo imekunjwa pembeni. Kichwa kigeukie upande mmoja na kidevu kiinuke kidogo, kisilale kifuani kwake na kisirudi nyuma sana, hapo ndo njia ya hewa inakaa wazi. Halafu kitenge, kanga ni sawa pia ila kitenge kinashika vizuri zaidi, ukingo wa juu uishie chini ya sikio lake, wa chini ushike makalio, na ufunge kwa nguvu kiasi kwamba ukisimama hashuki hata kidogo. Wengi wanakosea hapa, wanafunga legelege kwa kumuonea huruma, mtoto anateleza anajikunja kama herufi C, kidevu kinagusa kifua chake, na hapo kweli anaweza kuzibwa. Kifundo kisikae juu ya kifua chake. Tumbo lake tu ndo liachiwe nafasi lipumue. Ukimaliza jiangalie, unatakiwa uone uso wake bila kufunua kitu.

Kulala, usilale flati. Mito miwili mitatu, kama haipo kunja blanketi au weka begi la nguo nyuma ya godoro ukutani, uwe umeegemea kama mtu anayesoma gazeti kitandani. Chali, sio ubavu. Ukiwa umemfunga hivyo nilivyosema na umeegemea hivyo hawezi kwenda popote. Mfano wa kukataa: umechoka hoi unaketi kwenye kochi unasinzia umemshika kwa mkono tu bila kumfunga, hiyo ndo inaua. Na kama umekunywa dawa ya usingizi au yoyote ya kulevya mpe mwingine.

Masaa mangapi? Mengi kadri unavyoweza, kuanzia 8 kwenda mbele mpaka 24, na kila ukimuweka akae angalau lisaa, sio dakika kumi unamtoa unamrudisha, kumgeuza geuza kunamchosha kuliko kumuacha. Unamtoa kumbadilisha nepi na wewe ukienda kuoga basi. Kuoga yeye bado, mfute na kitambaa cha maji ya uvuguvugu kipande kipande, sehemu unayofuta ndo inafunuliwa.

Hapo kwenye masaa ndo nimefika kwenye kitu ambacho kwenye swali lako umekipitia haraka haraka lakini mimi nimekaa nacho muda mrefu. "Mume wangu hasemi kitu." Mdogo wangu, kangaruu inashindikana nyumbani sio kwa sababu mama hajui kufunga kitenge, inashindikana kwa sababu ukoo wote unamwangalia nani atachota maji. Hospitalini ulikuwa mgonjwa, chakula kinakuja, nguo anafua dada yako. Ukifika nyumbani ghafla wewe ni mkwe uliyekaa tu na mtoto kifuani. Mashine ya joto haiwezi kufua wala kusonga ugali. Kwahiyo ama mtoto akae kifuani kwa mwingine wakati wewe unafanya kazi, ama kazi afanye mwingine, hakuna njia ya tatu, na hili inabidi lisemwe kwa mdomo na mumeo, kwa mama yake, sio wewe. Mwanae akisema inasikika.

Na yeye baba ana kifua. Sitanii, kifua cha baba kinapasha vizuri kabisa, kinachotakiwa ni awe ameoga, hana kikohozi wala mafua, na kama anavuta sigara aache kabisa kuvutia karibu na asimbebe na nguo aliyovutia. Masaa mawili jioni akirudi kazini wewe unalala usingizi wa maana. Tulikuwa na kijana mmoja wa bodaboda wodini, mkewe alifanyiwa upasuaji hajiwezi, siku ya kwanza alikuwa anaona aibu anajifunika koti juu, siku ya tatu anakaa nje kwenye benchi na mtoto kifuani anabishana mpira na walinzi. Bibi nae akikubali mfunge, mfunge yeye mwenyewe na kitenge chake, umuache akae nae lisaa. Nimeona mabibi wengi wakali wakibadilika hapo hapo, mtoto akishamlalia kifuani ile dakika ya ishirini hivi akatulia, maneno ya boksi yanaisha yenyewe na ukija kumuomba hakupi.

Kama umeajiriwa, kuna marekebisho ya sheria za kazi yalipita 2025 yanayomuongezea likizo mama aliyejifungua kabla ya wakati, mwambie mwajiri na upeleke karatasi ya kuruhusiwa inayoonyesha wiki za mimba.

Maji hapana. Hata tone, hata joto la Kahama la mwezi wa kumi. Maziwa yako sehemu kubwa ni maji, na tumbo lake ni dogo kiasi kwamba ukiweka maji umechukua nafasi ya chakula, plus wadudu. Maji ya chango, glukosi, gripu, dawa ya kienyeji ya kuzuia mchango, vyote hivyo weka kundi moja. Utumbo wa njiti ni mwepesi kuoza kabisa, ndo neno sahihi, na maziwa ya mama ndo kinga yake kubwa. Hirizi wakitaka kumvalisha mi sina ugomvi nayo ila isikae shingoni na isiguse kitovu, kitovu kikae kikavu bila mafuta, bila majivu, bila dawa ya meno.

Kunyonya: kila masaa 2, ikizidi sana 3, usiku na mchana, usisubiri alie kwa sababu njiti hana nguvu ya kulia njaa, analala nayo. Weka alamu. Akinyonya dakika chache akachoka akasinzia usimlaumu wala usiseme kashiba, kamua umalizie na kikombe. Kidogo kama kile cha kahawa, kinachochemshika. Mkalishe nusu wima, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, inamisha mpaka maziwa yafike mdomoni na uache avute mwenyewe na ulimi kama paka, usimmiminie, ukimimina yanaenda kwenye mapafu. Chupa za chuchu achana nazo, hazisafishiki vizuri na zinamchanganya.

Kiasi, kwa kilo 1.9 anahitaji kama ml 285 mpaka 340 kwa siku nzima, ukigawa mara nane, yaani kila masaa 3, ni ml 35 mpaka 43 hivi kila mlo. Kama anapata kwa kikombe tu pima na bomba la sindano la ml 20 (bomba lenyewe, bila sindano) duka la dawa wanauza bei ndogo. Kama ananyonya ziwa pia usipagawe na namba, mzani ndo utasema. Maziwa uliyokamua yakae kwenye chombo chenye mfuniko, kwa joto la huko yasizidi masaa manne, na kuyapasha unaweka chombo ndani ya bakuli la maji moto, sio jikoni.

Mzani nilioutaja: mrudishe kliniki kila wiki na uandike mwenyewe kwenye daftari hata kama nesi ameandika kwenye kadi. Natarajia aongeze gramu 25 mpaka 30 kwa siku, kwa wiki inakuja karibu 200. Wiki moja akiongeza 100 hatuiti balaa ila tunauliza anavyonyonya. Asipoongeza kabisa au akipungua hausubiri wiki ijayo. Matone ya madini ya chuma na vitamini kama uliandikiwa wakati wa kuruhusiwa endelea nayo, kama hukuandikiwa uliza, usijinunulie. Chanjo yake pia uliza siku hiyo hiyo, watoto wadogo wakati mwingine BCG (chanjo ya kifua kikuu) inasogezwa halafu kila mtu anasahau.

Sasa wewe. Umesema presha ilipanda halafu ukaendelea na habari za mtoto kama vile hiyo ilikuwa taarifa ndogo. Watu wanadhani ukishajifungua imeisha, hapana, kifafa cha mimba kinaweza kukujia hata baada ya kujifungua, ndani ya wiki sita. Kichwa kikiuma sana kisichosikia panadol, ukiona nyota nyota au ukungu, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, uso kuvimba ghafla, kupumua kwa shida, ni hospitali muda huo, hata saa nane usiku, na mtoto unaenda nae kifuani hivyo hivyo. Kama walikupa dawa za presha usiache kwa sababu unajisikia vizuri. Siku unayompeleka mtoto kupimwa uzito usiondoke bila na wewe kufungwa ile mashine ya mkono, wakisahau wakumbushe, tena sisi manesi tunasahau sana hapo, macho yote yanakuwa kwa mtoto. Na kabla ya wiki sita ongea nao uzazi wa mpango, usikae chini ya miaka miwili kabla ya mimba nyingine, na useme wazi ulikuwa na presha maana kuna vidonge havikufai. Mimba ijayo Mungu akijalia wahi kliniki mapema kabisa useme historia hii, kuna aspirini ya dozi ndogo inaanzwa kwenye wiki ya 12 kwa watu kama wewe, ukienda na tumbo la miezi sita tumeshachelewa.

Kwa mtoto, njiti huwa anapumua haraka haraka halafu anakaa kimya sekunde tano, kumi, anaendelea. Hiyo ni kawaida isikupe presha nyingine. Isiyo kawaida ni kukaa kimya sekunde 20, au muda wowote huku midomo na ulimi vinageuka rangi kuwa vya bluu bluu. Msugue mgongo na unyayo apate kushtuka, na hata akirudi vizuri mpeleke. Pia mpeleke akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika akiwa ametulia (hesabu tumbo dakika nzima), chini ya mbavu kukibonyea ndani, akigoma kunyonya milo miwili mfululizo, akikakamaa au kutikisika upande mmoja, tumbo likijaa au akitapika kijani, kitovu kikitoa usaha au kuzungukwa na wekundu. Manjano, mwangalie viganja na nyayo kwenye mwanga wa dirisha, bonyeza kidogo uachie, zikiwa njano ni hospitali na sio kumwanika juani, juani mtoto wa kilo mbili anapoa au anaungua tu.

Na joto lake pima kila siku, la kawaida ni 36.5 mpaka 37.5. Huna kipimo, tumia mgongo wa mkono wako, shika tumbo na nyayo, vyote vinatakiwa viwe na joto sawa. Nyayo baridi tumbo la moto ameanza kupoa, mrudishe kifuani uongeze kitenge juu. Vyote baridi, au wa moto sana hata ukipunguza nguo, unaondoka nae kifuani kuelekea hospitali.

Mwisho lini. Wengi watakwambia kilo 2.5 na ni namba nzuri ya kukumbuka, ila wengine wanafika kabla ya hapo na wengine baada, na yeye mwenyewe atakuambia. Ataanza kutoka jasho, atakusukuma na miguu, utamfunga atachomoa mkono, utamrudisha atachomoa tena na atalia kwa hasira kila ukitaka kumfunga, mtoto ambaye wiki mbili nyuma alikuwa hana nguvu ya kulia. Ukiona hivyo mvalishe, mlaze chali pembeni yako kwenye godoro lake, na ukihisi usiku una baridi unamrudisha kifuani hata lisaa. Mgongoni na mbeleko bado, subiri mpaka shingo ikaze.